Folda ya Zein Iliyokataa Kufunguka

Kila asubuhi Fairuz alifagia sebule, akatenga chai, kisha akaketi kushona kofia. Aliishi Mji wa Kale na mavyaa wake, Bi Mwanakuu, mamake Zein. Zein, mumewe Fairuz, alikuwa amefariki miezi saba nyuma. Wanawake hao wawili walimlilia pamoja, na pamoja wakapoa.

Kisha kompyuta ya Zein ikaharibika. Fundi akaitoa diski, ile inayohifadhi kila kitu, akaitia katika kompyuta nyingine. Fairuz alipoiwasha aliona folda mbili za mumewe. Moja iliitwa Kazi, nyingine Binafsi. Akabofya Binafsi. Maandishi yakatokea: Huna ruhusa ya kufungua folda hii.

Alijaribu tena na tena. Jibu likawa lile lile.

Maneno yale yalimchoma. Miaka kumi na minne ya ndoa, na kumbe mume alikuwa na siri. Akawaza labda alikuwa na mke mwingine. Wiki zikapita, na shaka ikageuka yakini. Siku moja Bi Mwanakuu alipokuwa akimsifu mwanawe, Fairuz alishindwa kujizuia.

"Mwanao alikuwa mnafiki, mama," alisema. "Nawe ulijua, ukanyamaza."

Bi Mwanakuu alikunja nguo zake, akahamia kwa binti yake kule Kizingo.

Mwezi uliofuata, Mwende alipiga hodi. Alikuwa mpangaji wa ghorofa ya chini, karani wa bandarini. Alikuja kuchukua kofia ambayo mwenzake wa kazini aliagiza. Fairuz akamwomba amfundishe kufuta diski yote. Mwende akauliza sababu, akaelezwa. Akavuta kiti, akabofya ile folda ya Kazi. Nayo ilikataa vilevile. Fairuz hakuwahi kuijaribu.

"Dada Fairuz, marehemu hakufunga kitu," Mwende alisema. "Kila faili ina mwenyewe. Kompyuta ya kwanza ilimjua Zein kwa akaunti yake. Hii haina akaunti ile, kwa hivyo inamkataa kila mtu. Hata Zein mwenyewe angeketi hapa, ingemkataa."

Fairuz akaacha habari ya kufuta, akamwomba amfundishe kuifungua.

Mwende alimwelekeza polepole. Waliingia kwa akaunti ya msimamizi, yaani ile yenye uwezo wa kubadilisha mambo ya kompyuta. Fairuz akabofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua Sifa, kisha Usalama. Mahali pa mmiliki hapakuwa na jina, ila msururu wa tarakimu. Akaandika jina la akaunti yake, akakubali libadilike kwa faili zote za ndani, kisha akajipa ruhusa ya kuzifungua. Mwende akamwonya asifanye hivyo kwa folda za mfumo wa kompyuta, maana huenda isiwake tena. Akamwambia pia asifute kitu kabla ya kumwuliza anayejua.

Folda ikafunguka. Ndani mlikuwa na picha za kofia, zaidi ya mia mbili, zote kazi ya mikono ya Fairuz. Zein alikuwa amezipiga moja moja, na chini ya kila picha akaandika jina la mshono. Mengine Fairuz mwenyewe alikuwa ameshayasahau.

Siku ile ile alizinakili zote kwenye flashi, zisije zikapotea. Baadaye aliwaonyesha wateja picha zile, nao wakaagiza mishono ya zamani ambayo hakuna aliyeishona tena. Kazi ikamjia hadi akatafuta msaidizi.

Lakini kabla ya hayo alikwenda Kizingo na picha zile. Alimsimulia mavyaa wake kila kitu bila kujitetea, akamwomba radhi na kumsihi arudi nyumbani.

Bi Mwanakuu alizitazama picha hadi ya mwisho.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini siku ile ulinizikia Zein mara ya pili. Nitakuja kukuzuru. Kulala kule, siwezi tena."