Mama Hakutaka Kuitwa Kobe

Enzi za Mwingereza, pale Temeke, Dresa Apolinari wa zahanati alibisha hodi kwetu kila alfajiri kumchoma mama sindano ya insulini. Mama alikuwa na kisukari. Kopo la sukari nililishika mimi, Chausiku, na sikuwa na masihara nalo, maana dresa alinifundisha kuwa sukari ni sumu kwa mama. Hata bibi nilimgombeza akizidisha kijiko.

Ramadhani ilipoingia, mama alifunga, akamficha dresa jambo hilo, na sindano za alfajiri zikaendelea. Mtaani kwetu anayekula mchana huitwa kobe, na watoto humzomea.

"Mie niitwe kobe na utu uzima huu?" alisema. "Ole wako umwambie dresa."

Nikanyamaza. Bibi naye akanyamaza.

Siku ya nne, adhuhuri, mama alikuwa akisuka ukili. Mara mikono ikaanza kumtetemeka na jasho likamtiririka. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Kisha akajikokota hadi kwenye kopo, akachota sukari kwa kiganja.

Nilimrukia. "Mama, itakuua hiyo! Tena umefunga!"

Nikampiga mkono, sukari ikamwagika. Alinitazama tu. Ee Mungu, nilidhani namwokoa!

Alipoanguka nilikimbilia zahanati. Dresa alikuwa kwa mgonjwa mwingine, mbali, nikampata alasiri. Alijitahidi sana, lakini mama alifariki kabla ya magharibi.

Siku ya tatu ya msiba, hitima ilipokwisha, nilimfuata dresa uani. "Nimemuua mama," nikasema nikilia.

"Hapana, mwanangu. Nilikufundisha nusu tu ya somo, kosa ni langu. Aliyechomwa insulini asipokula, sukari mwilini hushuka mno. Akitetemeka, akitoka jasho, akichanganyikiwa, mpe sukari upesi maadamu anaweza kumeza. Akizimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, uite msaada."

Bibi alikuwa mlangoni, akisikia yote. "Na mgonjwa Mungu kampa ruhusa ya kula," alisema. "Tulilijua hilo, tukaogopa midomo ya watu. Siri ndiyo iliyomuua mwanangu."

Akanishika mkono, akaniingiza chumbani walimokaa wanawake wa matanga. "Waeleze, mjukuu wangu. Usifiche kitu."

Nikaeleza yote, hata sukari niliyoimwaga. Nilipomaliza, Bi Mwanabaraka, jirani yetu aliyekuwa akichomwa sindano kama ya mama, aliinua uso.

"Nami leo nimefunga," alisema polepole.

Bibi alimletea uji. Akaunywa mbele yetu sote, mchana kweupe, huku akilia.