Kitenge cha King'ora

Kila asubuhi Sumaia alimfungia mumewe muhogo wa kuchemsha, naye Abacar akaenda zake kwenye kiwanda cha barafu.

"Bomba la amonia linavuja," Abacar alimwambia siku moja. "Ile gesi ya kupozea. Nimemwambia chefe, mkuu wetu pale."

"Akasemaje?"

"Ati anayeogopa harufu akauze marashi! Wenzangu wakacheka. Sisemi tena."

Kiwanda kilikuwa na king'ora cha hatari. Kilipolia mwaka uliopita, mtaa mzima ulidhani vita vimerudi. Watu walikimbilia porini, watoto mgongoni. Chefe Hermínio hakuwaita watu akawaeleza. Aliamuru king'ora kizibwe. Sumaia mwenyewe ndiye aliyetoa kitenge cha kukizibia, na majirani wakamshukuru.

Siku ya Jumanne bomba likapasuka. Waliokuwa mlangoni walikimbia. Abacar alikuwa ndani kabisa, kwenye chumba cha barafu, mashine zikinguruma. King'ora kilikuwa kimezibwa; hakusikia kitu. Walimtoa nje, macho na mapafu yameungua. Siku ya tatu akafa.

Fundi Márcia alitumwa kutoka mji wa Pemba kuchunguza ajali. Alikwenda kumpa pole mjane.

"Kitenge kilikuwa changu," Sumaia alisema. "Nimemuua mume wangu."

"Wewe ulitoa nguo, dada. Kuwafundisha watu mlio ule ilikuwa kazi ya chefe. Bomba limepasuka Jumanne, lakini ajali ilianza siku mumeo aliposema linavuja, akachekwa."

"Sasa yafanywe nini?"

"Anayeona kasoro aseme, iandikwe, na mashine izimwe hadi bomba litengenezwe. King'ora kijaribiwe kila Jumatatu, mtaa ukijua. Ukisikia harufu, usikimbilie upande upepo unakoipeleka. Pita ubavuni mwa upepo, ukupige upande mmoja. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji mengi, robo saa nzima."

"Maneno haya mngeyaleta kabla ya sanda."



Hermínio aliondolewa. Chefe mpya alipita nyumba kwa nyumba akieleza. Kitenge kilifunguliwa, kikarudishwa kwa Sumaia. Alikikunja, akakiweka chini kabisa sandukuni.

Miezi miwili baadaye gesi ilivuja tena. King'ora kikalia. Safari hii hakuna aliyekimbilia porini. Wafanyakazi walitoka, wakapita ubavuni mwa upepo, wakajipanga barabarani.

"Wametoka wote, alhamdulillahi!" jirani alisema.

Sumaia alitazama uso mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Kisha akabaki amesimama, akiutazama mlango wa kiwanda.