Fundi Seremala Auziwa Plaiwudi

Asubuhi nyumbani kwa fundi seremala huanza na kelele. Uani, randa inakwaruza mbao. Barazani, cherehani ya mke wake inakimbia. Na katikati ya kelele hizo binti yao hukaa kwenye kigoda na kupiga gitaa. Baba husukuma randa kwa kufuata mapigo ya gitaa hilo, ingawa ukimwuliza atakana.

Binti huyo alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alitaka kuingia chuo cha muziki. Mwaka uliopita alikwenda kufanya usaili. Kule hakuna kipaza sauti. Unakaa peke yako mbele ya ukumbi, walimu wanakaa nyuma kabisa, na unapiga. Alipiga wimbo anaouweza hata akiwa amefumba macho. Majibu yakaja mafupi: mkono dhaifu, sauti haifiki. Aliruhusiwa kujaribu mara moja zaidi. Akishindwa tena, basi.

Mkono dhaifu! Msichana anayemsaidia baba yake kubeba milango! Nikilikumbuka jibu lile, damu inanichemka. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyeinuka kwenye kiti chake kwenda kuangalia mtoto ameshika gitaa gani. Lilikuwa gitaa la kujifunzia, la plaiwudi tupu, na nyuzi zake zilikuwa zimenyanyuka mno juu ya shingo, ngumu kubonyeza. Hata mpasua kuni angeonekana dhaifu.

"Sasa basi," baba alisema. "Nitakununulia gitaa la mbao nzima."

"Nenda na mtoto akalijaribu," mke wake alimwambia.

"Ajaribu nini? Mimi ni seremala. Nani atanidanganya kwenye mbao?"

"Haya, baba watoto. Maneno yako hayo, usije ukayameza."

Baba akaenda peke yake. Dukani alifanya kama anavyofanya akichagua mlango. Aligonga kwa vifundo vya vidole. Alipima uzito mikononi. Alibonyeza kwa dole gumba. Mlango mzuri ni mzito, ni mgumu, na ukiugonga haulii ovyo. Basi akachagua gitaa zito kuliko yote. Liling'aa mpaka aliona meno yake. Mgongo wake ulikuwa na mistari mizuri ya mbao, nyekundu na nyeusi.

"Hili ni mbao nzima?" aliuliza.

"Nzima, mzee wangu! Juu mpaka chini," muuzaji alijibu. "Wewe mwenyewe fundi, unaliona."

Kuitwa fundi kulimvimbisha kichwa. Akalipa kwa akiba aliyokuwa ameiweka anunue randa ya umeme.

Nyumbani binti alilipokea kwa mikono miwili. Akapiga. Mama akasimamisha cherehani, akasikiliza.

"Mbona linaongea kama mtu aliyejifunika blanketi?"

"Ni jipya," baba alisema. "Litazoea."

Halikuzoea. Binti alipiga kwa nguvu mpaka ncha za vidole zikavimba. Mama akienda kusimama langoni kusikiliza, haambulii sauti. Siku moja binti aliliweka gitaa chini taratibu. "Baba, nisamehe," alisema. "Umetumia akiba yako bure. Labda kweli ni mkono wangu."

Maneno hayo yalimchoma mama kuliko sindano yoyote. Alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akalishika gitaa shingoni. "Inukeni," alisema. "Twendeni kwa Mama Nyuzi."

Mama Nyuzi anatengeneza magitaa kwenye chumba kimoja mwisho wa mtaa. Ukutani kwake yananing'inia magitaa yasiyo na shingo na shingo zisizo na magitaa. Kazi anaijua, na hachoki kukuambia kwamba anaijua.

"Gitaa likinishinda mimi, lipelekeni jikoni mkapikie," alisema. Akalipokea, akapiga uzi mmoja, akakunja uso. "Shemeji, nani kakuuzia kabati hili?"

"Kabati? Hilo ni mbao nzima!"

"Njoo uangalie. Tena wewe ni seremala, utaniaibisha."

Aliwasha tochi ya simu, akamulika ukingo wa tundu la sauti, lile la katikati ya uso wa gitaa. "Kwenye mbao nzima, mistari ya juu inapinda na kuingia mpaka kwenye unene wa ubao. Hapa unaona nini?"

Baba aliinama. Aliona tabaka nyembamba zimebandikwa, moja juu ya nyingine.

"Sasa mgongo. Nje una mistari myekundu na myeusi. Chungulia ndani kwa kioo hiki. Mistari hiyo iko wapi?"

Ndani palikuwa na mbao nyeupe, haina hata mstari mmoja unaofanana na wa nje.

"Vinia," baba alisema polepole. Halafu akapaza sauti. "Ni ganda jembamba la vinia juu ya plaiwudi! Mimi! Mimi ninayebandika vinia kila wiki! Na kabati likiwa la vinia namwambia mteja, hili ni la vinia! Yule mtu kaniangalia machoni, kanidanganya!"

"Kakudanganya, ndiyo," Mama Nyuzi alisema. "Lakini na wewe ulichagua mlango. Mlango unautaka unyamaze. Gitaa unalitaka litetemeke. Plaiwudi ina tabaka zilizopishana na gundi katikati, ndiyo maana haipindi wala haipasuki. Kwa mlango ni sawa. Lakini uso wa gitaa uwe ubao mwembamba, mwepesi, unaotikisika uzi ukiguswa. Hapo ndipo sauti inafika mbali."

"Kwa hiyo gitaa la plaiwudi ni baya?" binti aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Kwa anayeanza, au anayesafiri nalo kwenye jua na mvua, linafaa, na bei yake ni ndogo. Ubaya ni kuuziwa plaiwudi kwa bei ya mbao nzima. Huo ni wizi. Na wapo wajanja zaidi. Wanakuambia mbao nzima, kumbe ni uso tu. Mgongo na mbavu za pembeni ni plaiwudi. Lazima uulize mara tatu: uso? mgongo? mbavu? Halafu uchungulie mwenyewe."

Hawakungoja hata chai. Walikwenda dukani wote wanne.

Muuzaji alipoliona gitaa alianza kutikisa kichwa kabla hawajafungua mdomo. "Bidhaa ikishauzwa hairudi."

"Uliniambia mbao nzima juu mpaka chini," baba alisema.

"Plaiwudi nayo si mbao? Inatoka kwenye mti, mzee."

Naomba msomaji anisamehe, lakini jibu kama hilo linastahili kofi. Mama hakumpiga mtu. Alifanya vibaya zaidi. Aligeuka kwa wateja waliokuwa dukani, na sauti yake ni ile inayoshinda cherehani kila siku.

"Jamani, njooni muone! Chungulieni humu ndani kabla hamjatoa pesa zenu! Nje mti mwekundu, ndani mti mweupe! Kaka, hilo uliloshika, umelichungulia?"

Kaka akachungulia, akalirudisha rafuni. Mwingine akawasha tochi ya simu yake. Mara duka zima likawa linamulika matundu ya magitaa. Jasho lilimtoka muuzaji.

"Mama, basi, basi. Nawarudishia pesa yenu."

"Tena upesi," mama alisema.

Baba alipozipokea alitaka kutoka nje. Mama Nyuzi akamshika mkono. "Hasira isikufumbe macho, shemeji. Lile la kule kwenye kona ni la nini?"

Kwenye kona palikuwa na gitaa lenye vumbi. Halikung'aa. Rangi yake ilikuwa kavu, mtu angedhani halijamaliziwa. Halikuwa na urembo wowote.

"Hilo?" baba alisema. "Hilo halijapigwa hata vanishi!"

"Limepigwa nyembamba sana, na ndivyo inavyotakiwa. Vanishi nene ni koti zito, inabana sauti. Ukiwa na pesa kidogo, nunua mbao, usinunue urembo. Mapambo, kung'aa, waya za umeme za kuunganisha na spika, jina kubwa la kampuni, vyote hivyo unavilipia, na ukumbini havisaidii."

Safari hii baba hakugonga. Alikaa sakafuni na tochi na kioo cha Mama Nyuzi. Kwenye ukingo wa tundu, mistari ya uso ilipinda na kuingia ndani. Kwenye mgongo kulikuwa na jicho dogo jeusi la mti, pale tawi lilipoota. Akachungulia ndani, akalikuta jicho lilelile, mahali palepale. Akapima mbavu. Nazo zilikuwa ubao mmoja mmoja, nje na ndani sawa.

"Hii ni mbao," alisema.

"Bado," Mama Nyuzi alisema. Alimwonyesha binti jinsi ya kutazama shingo kwa jicho moja, kuanzia kichwani, kuona kama imenyooka. Akamwonyesha kukagua kama daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso, halijaanza kubanduka. Akapitisha kidole kutafuta ufa. "Nyuzi ziko juu kidogo. Hilo nitalishusha mimi. Sasa piga. Wewe ndiye utakayeishi nalo."

Binti alikaa juu ya sanduku tupu. Alipiga kwa upole tu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Sauti ikajaa duka, ikatoka mlangoni. Mpita njia alisimama akachungulia. Binti aliinua macho kumtazama baba yake, machozi yanamlengalenga.

Baba akalipa, na gitaa hilo lilikuwa la bei ya chini kuliko lile la kwanza. Muuzaji alikuwa amelitupa kwenye kona kwa sababu haling'ai. Mtu anauza vitu asivyovijua, na anatuuzia sisi kwa mdomo!

"Mbao nzima ina masharti," Mama Nyuzi aliwaambia njiani. "Haipendi joto kali wala ukavu. Msiliegemeze karibu na jiko wala ukuta unaopigwa na jua. Likitumika, lirudi kwenye mfuko wake. Hewa ikiwa kavu sana, wekeni ndani ya mfuko kikopo cha sabuni chenye matundu, na humo sponji yenye unyevu, si ya kutota. Msipofanya hivyo, litapasuka na mtanilaumu mimi."

"Mbao ninaijua," baba alisema, halafu akajishika mdomo. Mama alicheka mpaka akasimama.

Siku ya usaili wazazi walibaki nje, kwenye benchi chini ya dirisha la nyuma la ukumbi. Walisikia kila uzi. Baba alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu. Wimbo ulipoisha, mlango ukafunguka. Mwalimu mkuu wa usaili akatoka, anatabasamu.

"Hongereni, wazazi. Tumempokea. Kwa kweli mwaka huu binti yenu ameimarisha mkono."

Baba aliinuka kushukuru. Mama naye aliinuka, lakini si kwa shukrani.

"Mkono gani, mwalimu? Mkono ni uleule niliouzaa! Mwaka jana alikuja na gitaa la plaiwudi, mkamwandikia kuwa yeye ndiye dhaifu. Mwanangu ameyaamini maneno yenu mwaka mzima. Mlilitazama gitaa lake? Na wengine mliowarudisha nyumbani, mlitazama walishika nini?"

Tabasamu likamtoka mwalimu. "Hatukutazama," alisema.

"Basi tazameni."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na gitaa lake, amesikia yote. Alikuja akasimama kando ya mama yake.

Mwaka uliofuata, mbele ya ukumbi ule kuliwekwa gitaa moja la mbao nzima, lisilong'aa. Yeyote asiye na gitaa zuri hutumia hilo, na walimu wanasikiliza mkono wake. Binti wa fundi seremala ndiye anayelifuta vumbi na kukaza nyuzi zake kabla mtu wa kwanza hajaitwa.