Pua ya Mama Mikate

Mke wangu huoka mikate, mimi ni fundi cherehani. Duka letu ni moja, tumeligawa kwa pazia. Yeye yuko nyuma na tanuri lake, mimi niko mbele na cherehani yangu, na wateja wote hupita kwangu. Mtaani anaitwa Mama Mikate. Mimi naitwa mume wa Mama Mikate, na nimezoea.

Kazi yake aliifanya kwa pua. Mafuta yakianza kuharibika, alijua kabla hajafungua kopo.

Kisha virusi vikatulaza sote wawili. Mimi nilipona baada ya wiki moja. Yeye alibaki na uchovu miezi miwili, na harufu zote zikapotea. Kunusa karafuu na kunusa ukuta kukawa sawa kwake.

"Pua tu hiyo, si mguu," nilimtania. Hakucheka.

Siku moja wateja walirudisha mikate. "Mafuta yameoza haya!" walisema. Nikaipokea kimyakimya, nikaificha ndani ya gunia la vipande vya vitambaa. Mke wangu aliponiuliza, nilisema, "Wameisifu sana." Nilidhani namtunza.

Mikate akaiona ndani ya gunia. Hakugomba. Ila tangu siku hiyo alianza kuoga mara nne kwa siku, akawa anakaa mbali na watu.

"Nanuka?" aliniuliza.

"Hata kidogo."

"Na mikate je? Si ulisema wameisifu?"

Nikainamia cherehani yangu. Wiki iliyofuata hakuwasha tanuri. Alilala tu, uso ukutani. "Sioni faida ya kuamka," alisema. Hapo niliogopa kweli. Nilimwita jirani yetu muuguzi.

Muuguzi alikaa kitandani kwake, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada yangu, huna wazimu wala uvivu. Virusi vimeumiza sehemu ya kunusia. Mtu asiponusa, chakula hakina ladha, nyumba inakuwa ngeni, na moyo unazama. Hayo yanatibika. Kesho twende wote kliniki, umweleze daktari kuhusu pua na kuhusu moyo. Lakini niambie ukweli, umewahi kufikiria kujidhuru?"

"Hapana. Nimechoka tu."

"Wazo hilo likikujia, usingoje kesho. Niite saa hiyohiyo."

Daktari alimpima, akampangia mshauri wa kuzungumza naye kila wiki. Pia alimfundisha kuizoeza pua: limau, karafuu, kahawa na waridi, asubuhi na jioni, kila kimoja sekunde ishirini, huku akikumbuka harufu yake. "Ni kazi ya miezi," daktari alisema. "Wengi hupata nafuu, ingawa si wote. Kwa sasa, andika tarehe kwenye makopo. Na usiwe peke yako jikoni, maana moshi na gesi hutavijua."

Nje, muuguzi alinigeukia. "Shemeji, wewe ndiye pua yake sasa. Pua haidanganyi."

Maneno hayo yaliniingia. Nilimwomba mke wangu msamaha. Kesho yake akawasha tanuri, nami nikanusa kila kopo. "Hili limeharibika," nilimwambia. Akalitupa, akanitazama.

"Na mimi?"

"Wewe hunuki. Ila sabuni imekukausha ngozi kama karatasi."

Alicheka. Ilikuwa imepita miezi sijamsikia akicheka. Siku hiyo alioga mara moja.

Wiki zikapita. Kahawa ikaanza kumnukia kama mpira unaoungua, akaudhika. Daktari alimwambia hiyo mara nyingi ni dalili ya kupona. Akaendelea, na kila wiki alikwenda kwa mshauri wake.

Mwezi wa tano wa mazoezi hayo, nikiwa nashona, pazia lilifunguka. Mke wangu alisimama nyuma yangu, akavuta pumzi, akakunja uso.

"Baba, shati hilo umelivaa siku ngapi?"

"Mbili."

"Sema kweli."

"Nne."

Macho yake yalijaa machozi, mdomo unacheka. Niliinuka kumkumbatia. Akanisukuma kwa mikono yote miwili.

"Kaoge kwanza!"

Nilikwenda kuoga nikiimba.