Barua Iliyosomwa Mara Mbili

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alipanda kitandani kwa dada yake kumsomea. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Dada yake alikuwa haoni tangu utotoni, na sasa alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Simu yake ilijua kusoma ujumbe, lakini ilipaza sauti hadi jikoni wakasikia. Ndiyo maana kijana mmoja wa darasani kwake, rafiki aliyeanza kuwa zaidi ya rafiki, alimwandikia barua za karatasi.

Jioni moja, barua mpya ilipofika, mama alimvuta Chiriku pembeni. "Huyo kijana atamchezea tu dada yako. Msomee kwamba urafiki umekwisha."

Chiriku alifungua barua. Iliandikwa: "Jumamosi ningependa kuja kwenu kuwasalimia wazazi. Ukikataa, sitakuja."

Alitamani kuisoma ilivyo, lakini mama ni mama. Akasoma, "Nimechoka na urafiki huu. Usinitafute tena."

Dada alipapasa ukingo wa shuka. Kisha akasema, "Soma tena."

"Eh... naona tusionane tena. Nimechoka."

"Mara ya kwanza hakusema hivyo. Karatasi haibadili maneno, mdogo wangu. Ni wewe unayebadili."

Chiriku akaangua kilio, akamweleza yote.

Dada aliinuka, akaenda moja kwa moja jikoni. Mama alikuwa anakata vitunguu vya mboga ya kesho.

"Mama, ulinifundisha kupika, kufua na kuvuka barabara peke yangu. Leo unamfundisha mtoto kunidanganya?"

"Nakulinda, mwanangu. Atakuumiza huyo."

"Huenda ataniumiza. Nikiumia nitalia, kama wanavyolia wenye macho yao mawili. Lakini siamuliwi nyuma ya mgongo wangu! Jumamosi anakuja. Ukitaka kumfukuza, mfukuze nikiwa nasikia."

"Na mimi sisomi uongo tena," Chiriku akadakia mlangoni, kamasi zikimtoka. "Hata unichape!"

Mama aliweka kisu chini, akajifuta machozi, wala hakusingizia vitunguu. "Mwambie aje saa kumi," akasema hatimaye. "Nitamhoji mpaka ajute kuzaliwa."

"Mhoji, mama. Na mimi nina maswali yangu."

Jumamosi kijana alifika, shati limepigwa pasi. Mama alimhoji hadi jasho likamtiririka, naye akajibu kila swali bila kukwepa. Dada alicheka mpaka akashika mbavu.

Mgeni alipoondoka, mama alimwita Chiriku.

"Nilikukosea kukutuma uongo. Mtu akikuomba umsomee, amekuomba macho yako tu, hakukuomba umwamulie maisha yake. Msomee kilichoandikwa, kitamu au kichungu. Na mtu akikuagiza uongo, hata kama ni mimi, kataa."

"Nilishakataa, mama," Chiriku akajibu.