Doa la Mama Mdogo

Kila siku baada ya masomo, Naima alipitia studio ya baba yake pale Chanji, mjini Sumbawanga, akaketi mbele ya kompyuta kusafisha picha za pasipoti. Chunusi alifuta, kovu alifuta, na wateja walitoka wakitabasamu. Alikuwa darasa la sita tu, lakini kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani.

Ijumaa hiyo alikuta picha iliyotumwa na mama yake mdogo, Jasmin, ili ichapwe. Jasmin alikuwa mhandisi. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza kamera ya gamma ya bei nafuu, na picha hiyo ilikuwa ya jaribio lake. Mgonjwa hupewa dawa kidogo inayotoa miale isiyoonekana kwa macho, na kamera huonyesha mahali dawa ilipokwenda mwilini. Kamera za namna hiyo zilikuwa miji ya mbali, tena za bei ya kutisha. Jirani yao, Bibi Evodia, alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, mwaka wa tatu sasa, na miguu yake haikuweza tena safari ya siku mbili. Kizee wa watu anateseka kwa kukosa picha moja! Ukiliwaza jambo hilo, damu inachemka.

Isdori, mwanafunzi mwenzake, alichungulia akaangua kicheko.

"Chapati imeungua hiyo! Kamera gani ya kutengenezwa Sumbawanga, mshikaji?"

"Toka hapa!" Naima alifoka.

Hata hivyo, upande wa kushoto wa picha palikuwa na doa jeusi kweli. Kesho yake mkaguzi angekuja kuamua kama utafiti uendelee au usimame. Naye acheke? Thubutu! Naima alishika kipanya, akalifuta doa lote, akachapa picha na kuitia kwenye bahasha.

Jumamosi aliipeleka ofisini kwa Jasmin. Chumba cha kamera hakuruhusiwa kuingia, basi alikaa kwenye benchi la ukumbini. Mkaguzi, Bwana Leonsi, alifungua bahasha hapo hapo ukumbini, akailinganisha picha na ripoti ya Jasmin, akakunja uso.

"Mhandisi, kwenye chupa yenu ya majaribio mliweka gololi makusudi, iwe badala ya uvimbe. Iko wapi hapa? Kamera yenu ni kipofu?"

Jasmin aliinyakua picha. "Doa lilikuwepo! Kwenye kompyuta yangu lipo mpaka sasa."

"Kumbe una picha mbili za jaribio moja?" Bwana Leonsi aliifunga ripoti. "Basi sina sababu ya kuamini hata moja. Mnatudanganya!"

Mama mdogo kuitwa mwongo! Naima alisimama.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi niliyelifuta, kule studio ya baba. Nilidhani ni uchafu. Sikutaka mumcheke mama mdogo."

Bwana Leonsi alisema jaribio lirudiwe mbele ya macho yake. Naima alingoja nje karibu saa nzima, machozi yakimlengalenga. Walipotoka, mkaguzi alishika picha mpya, na doa lilikuwa palepale.

"Kamera inaona," alisema. "Kazi iendelee. Ila picha zisipite tena studio."

Alipoondoka, Jasmin alimgeukia Naima, na hasira yake haikuwa ndogo.

"Nimevumilia watu wanaosema Sumbawanga haiwezi kutengeneza kitu. Leo umetaka kuwapa ushahidi!"

"Nisamehe, mama mdogo. Nilitaka ipendeze."

"Ya pasipoti ndiyo ipendeze. Hii ni ya kusema kweli, hata kweli ikiwa mbaya." Jasmin alimshika bega, sauti ikapungua ukali. "Umefanya vyema kukiri, maana bila hivyo tungefungiwa. Lakini siku moja, Mungu akipenda, atakayelala chini ya kamera hii ni Bibi Evodia. Ukifuta doa lake kwenye picha, mwanangu, shingoni litabaki, na daktari atamwambia aende nyumbani, ni mzima."