Panda Twende Nyumbani

Kigoda kilikuwa nje tena.

Adero alisimama mlangoni mwa gari akakitazama. Alikuwa amekipakia mara mbili, mara ya pili akakisukuma chini kabisa ya kitanda na kukizuia kwa gunia la makaa, na sasa kilikuwa kimetulia kando ya majivu ya jana, pale pale ambapo mtu angekiweka kama angetaka kuota moto.

"Cindy! Nani anatoa hii kigoda?"

"Si mimi, mami." Mtoto, msichana wa miaka mitano, alikuwa kitandani akimvisha mwanasesere viatu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 2001, na walikuwa wakifungasha kurudi Kitengela baada ya siku tatu za kupiga kambi kwenye nyanda zilizo nyuma ya Kisaju. Gari lilikuwa fahari ya Wanyonyi, mumewe. Bosi wake Mzungu alimwachia alipohama nchi: gari kuukuu lenye vitanda vitatu, jiko la gesi na pazia la maua. Majirani, ambao hawajui kuona kitu wakanyamaza, walilibatiza Konokono. Wanyonyi hakujali. Alikuwa karani na shemasi, mtu wa ratiba, na ratiba ilisema waondoke saa tatu.

Adero alikipakia kigoda mara ya tatu na kukifunga kwa kamba. Walikunja turubai, wakafunga mtungi wa gesi, wakatoa mawe chini ya magurudumu. Wanyonyi akawasha. Injini iliitika vizuri, akatia gia, lakini Konokono halikusogea. Magurudumu hayakuteleza wala hayakuzama. Gari lilikuwa limeshikwa tu. Wanyonyi alishuka, akachungulia chini, akapanda, akajaribu, akashuka tena. Kufikia saa tano shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Adero alikumbuka siku walipomsafirisha marehemu baba yake kwenda kumzika Siaya. Gari lile lilizimika Londiani, fundi akanyoosha mikono, mpaka shangazi alipozunguka nyuma, akaligonga jeneza taratibu na kumwambia marehemu, twende nyumbani, usitutese njiani. Likawaka papo hapo. Kwao hakuna aliyeona ajabu, maana marehemu huombwa. Basi kwa mazoea hayo, na kwa uchovu wa kupakia na kupakua, Adero alizunguka nyuma ya Konokono, akaligonga mara mbili kwa kiganja.

"Kama kuna mtu anatuzuia," alisema, "panda twende nyumbani."

Gari liliruka mbele hata Wanyonyi akapiga kelele. "Bwana asifiwe! Umeifanyia nini?"

Adero alicheka, akapanda. Alipokuwa anafunga mlango, gari liliinama nyuma yake, kama linavyoinama mtu mzima anapokanyaga ngazi. Kicheko kikamkauka.

Walikuwa hawajafika mbali harufu ilipoanza, harufu ya ngozi ya kondoo iliyoloa, kisha ya maziwa yaliyochacha, kisha ya kitu kilicholala juani siku nyingi bila kufukiwa, na Adero alifungua dirisha moja, akafungua na la pili, upepo wa nyanda ukaingia na kupita, lakini harufu haikupita, ilikaa.

"Mami," Cindy aliita kutoka nyuma, kwa sauti ndogo. "Mwambie asongee. Hii ni kitanda yangu."

"Nani?"

"Huyu mama. Anataka kuninyoa."

Adero aligeuka. Kitanda kilikuwa na mtoto na mwanasesere, basi. Ila juu ya sikio la Cindy, mahali alipomchana asubuhi ile ile kwa mkono wake mwenyewe, nywele zilikuwa zimenyolewa upana wa vidole viwili, na ngozi iling'aa kwa mafuta, jinsi mama wa Kimaasai anavyomnyoa mwanawe. Alimnyakua mtoto, akamkumbatia kifuani.

Mzee Meitamei, mwenye shamba, alikuwa akiwafungulia lango la miiba. Aliona Konokono likija, akaliachia tawi alilokuwa akiliburuta kando. Adero alimsalimu, "Sopa, mzee," lakini yeye alikuwa akichungulia ndani ya gari.

"Mama, hapo ndani mko wangapi?"

"Watatu."

"Hapana." Aliinamisha macho, akashusha sauti. "Huyo alikufa hapa na njaa ya themanini na nne, akitafuta mtoto yake. Nani alimwambia apande?"

"Ni mimi."

"Mzee, sisi ni watu wa kanisa," Wanyonyi aliingilia.

"Hata mimi ni wa kanisa. Shuka." Meitamei alimrudia Adero. "Mshuke wote. Wewe umwambie hapa ndio kwake. Halafu kila mtu apande akiitwa na jina yake, ile alipewa na wazazi. Mwenye hajaitwa asipande. Na huyo anangoja kuitwa tu."

Walishuka, injini ikinguruma. Adero alisimama mbele ya mlango ulio wazi.

"Mama, nisamehe. Nilikosea. Hapa ndio kwako."

Kitu baridi kilimpita ubavuni, kikasimama nyuma yake. Alikisikia kikipumua.

"Wanyonyi," aliita. Mumewe akapanda, uso umejaa aibu. "Cindy." Mtoto akakimbia ndani.

Akabaki yeye.

"Baba Cindy," alinong'ona, "niite."

Tangu mtoto azaliwe Wanyonyi hakuwahi kumwita mkewe Adero. Si kwamba hakumpenda. Ndivyo watu wenye heshima wanavyoitana, na hata kwenye maombi alimtaja vivyo hivyo. Alikuwa amemsikia mzee vizuri. Lakini mambo haya yalimwaibisha, saa zilikuwa zimeenda, na mdomo hufuata ulikozoea.

"Haya, Mama Cindy, panda twende nyumbani."

Adero alitaka kuinua mguu, na mguu haukuinuka, na begani mwake akapita mwanamke aliyevaa rinda lake Adero, na kitambaa chake cha kichwa, na uso wake, akapanda bila haraka kama mtu aliyengoja miaka mingi, akafunga mlango, na Adero akapiga yowe lililotoka bila pumzi, akalitaja jina lake mwenyewe mara kumi, mara ishirini, akamlilia mzee amwite, lakini mzee naye alikuwa amejifunika uso kwa shuka, akiuliza, "Jina yako ni gani, mama? Sema jina," huku amegeukia mahali ambapo yeye hakuwapo.

Konokono likapita lango. Kwenye kioo cha nyuma ulitokea uso wa Cindy, macho yamemkodolea Adero, mikono ikipiga kioo.

"Baba, simama! Huyu si mami! Mami amebaki!"

Gari lilikuwa limeshafika mbali, lakini Adero aliisikia sauti ya mumewe karibu kabisa, sauti ya upole, ya mtu aliyechoka na safari.

"Nyamaza, Cindy. Sikiliza mama yako."